Tangi la Minago na Jumamosi Iliyosahauliwa

Tahira, binti wa kaka yangu, hajui kupika. Nasema hivi bila kumsengenya, maana nimeshamwambia usoni, tena mbele ya wageni. Wali wake huwa uji, na uji wake huwa ugali. Mwanamume atakayemwoa amwoe kwa akili zake, chungu chake akisahau. Hata hivyo mtu huyuhuyu alikaa miezi akipika maji machafu ya mawese ya Minago ndani ya kompyuta, bila kuni, bila sufuria, na watu wazima wakamwamini. Mimi nilikuwa wa mwisho. Mtoto uliyembeba mgongoni humwiti mtaalamu upesi hivyo.

Jina langu Biasha. Napika sabuni nyeusi katika mtaa wetu wa Waswahili hapa Rumonge, mawese na majivu ya mikungu ya michikichi, kama mama yangu alivyopika. Tahira anafundisha kemia katika lise moja, shule ya sekondari ya mjini. Kazi yake ya kumalizia masomo kule Bujumbura ilihusu kitu alichokiita modeli. Aliporudi akatueleza, baba yake alitikisa kichwa kwa adabu, nami nikamuuliza modeli hiyo inauzwa kwa kilo au kwa debe. Alicheka tu. Huyu mtoto hana hasira za karibu. Hasira zake hukaa mbali, na zikifika hazipigi kelele, zinafanya kazi.

Mawese ya sabuni yangu nanunua kwa Agneta wa Minago, mama yake Eliana. Agneta alitoroshwa nchi hii angali mtoto, akakulia kambini Tanzania, akaolewa hukohuko, akazaa hukohuko. Alirudi akakuta shamba la baba yake lina mwenyewe mwingine. Akaenda kwenye mabaraza, akarudi, akaenda tena, mpaka akapewa kipande cha mteremko juu ya barabara. Mumewe hakuishi kukiona kikizaa. Kwenye kipande hicho Agneta na wanawake wenzake walisimamisha presi ya kukamulia mawese, nyumba ya mabati yenye mashine moja na mapipa ya kuchemshia. Kiswahili chake ni cha Kigoma, kimenyooka, na hutucheka sisi tunaosema “iko” kwa kila kitu. Tunamwacha acheke. Presi yake inakamua vizuri.

Shida ya mawese si mawese, ni kinachobaki. Ukishachemsha ngazi, yaani matunda ya mchikichi, ukakamua, ukaengua mafuta, unabaki na maji mazito ya kahawia yanayonuka, tena mengi kuliko mafuta yenyewe. Presi zote za bonde lile zilikuwa zinayamwaga korongoni. Kutoka korongoni yanaingia mtoni, kutoka mtoni ziwani. Wavuvi walilalamika kwamba nyavu zao zinatoka na utando na samaki wa kandokando wamehama. Walikuwa na haki. Basi akaja Leonsi, mtu wa mazingira wa komine, ndiyo serikali yetu ya hapa, kijana mpole mwenye pikipiki safi kuliko shati lake, akasema kiangazi kikianza, presi yoyote ambayo bado inamwaga maji yake mtoni itafungwa. Hakutisha mtu. Alisema tu, na sote tulijua atafanya.

Siku ile Agneta alikuja kwangu na bidoni la mawese, akalitua, akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni.

“Bi Biasha,” akasema, “nimekaa nchi ya watu maisha yangu yote nikingoja nirudi kwangu. Nimerudi, na sasa kwangu kunafungwa.”

Tahira alikuwa amesimama mlangoni, ametoka darasani, chaki bado i mikononi. Sikumbuki hata kama alimsalimia mgeni.

“Mama Eliana, maji hayo yanatoka mengi kiasi gani kwa siku?” aliuliza. “Na yakitoka yana moto au yamepoa?”

Nikamwambia aoshe mikono kwanza, amsalimie mtu mzima, ndipo amsaili. Akaosha, akasalimia, akauliza tena.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Tahira alieleza kwamba maji yale ni chakula. Ukiyafungia ndani ya tangi lisilopitisha hewa, pamoja na vijidudu vinavyotoka katika mavi ya ng'ombe, vijidudu vinayala na kutoa gesi inayowaka. Gesi hiyo unachemshia ngazi, kuni unaacha mlimani, na kinachotoka mwisho ni mbolea ya mihogo. Agneta alisikiliza hadi mwisho. Alishawahi kusikia maneno ya namna hiyo kutoka kwa watu wa miradi kambini, na mimi nilishaona matangi ya namna hiyo mawili, yote sasa ni malalo ya mbuzi.

“Yale yalijengwa kwanza, yakafikiriwa baadaye,” Tahira akasema. “Mimi nataka nilijenge ndani ya kompyuta. Modeli ni hiyo tu, Mama Eliana. Unapika kwa hesabu kwanza. Ukiunguza, hakuna anayelala njaa.”

Basi akaenda Minago kila alipopata nafasi. Alipima maji, alipima joto lake, alichota sampuli kwenye chupa za juisi akazipanga katika chumba changu cha sabuni mpaka wateja wakaniuliza kama nimeanza kuuza pombe. Jioni anakaa na kompyuta, anaingiza tarakimu, na kwenye kioo unatokea mstari. Mstari ukipanda, gesi ipo. Ukishuka, tangi limekufa. Aliliua tangi lile mara nyingi sana kabla ya tofali la kwanza. Aliliua kwa udogo, aliliua kwa mavi machache, aliliua kwa mafuta mengi yaliyobaki kwenye maji. Kila likifa anasema “vizuri”, anaandika, anaanza upya. Niliona ugonjwa. Sasa naona ni ukaidi wa ukoo, umepata kazi ya kufanya.

Lakini katika mauaji yote hayo, aliyelilisha tangi alikuwa mtu mmoja. Agneta, na ndoo yake, kila asubuhi, kipimo kilekile.

Fundi alitaka tangi kubwa, maana mafundi wote wanataka kikubwa. Modeli ikasema hapana, na Tahira akasimama juu ya shimo mpaka fundi akarudishia udongo. Lilijengwa kwa tofali na saruji, likazikwa ardhini, likabaki na mfuniko, mdomo wa kulishia na mpira wa kupeleka gesi jikoni. Mavi ya ng'ombe yalitoka Bugarama kwenye pikapu, na dereva alituambia hajawahi kubeba mzigo uliopokelewa kwa furaha kama ule. Wanawake wakaliita tangi Tumbo.

Siku moto ulipowaka mara ya kwanza nilikuwepo. Ulikuwa wa buluu, hauna moshi, unavuma kwa sauti ndogo. Agneta aliweka kiganja karibu nao, akakitoa, akakiweka tena. Wanawake wakaimba kwa Kirundi, mimi nikapiga makofi, na Tahira akatazama saa yake akaandika. Nilimfinya ili acheke kidogo. Alicheka, kisha akaandika tena.

Sasa sikilizeni kilichotokea, na mniambie kosa ni la nani.

Jumamosi asubuhi nchi hii nzima hufanya kazi ya pamoja. Tunaiita travo. Duka linafungwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnafagia, mnazibua mifereji, mnatengeneza njia. Mkuu wa kilima cha Agneta, maana kwetu kilima ni kama kijiji, ni mzee mwenye moyo mzuri, na kwa kuwa siku iliyowekwa na komine ilikuwa inakaribia, aliamua kwamba travo ya Jumamosi ile iwasaidie akina mama wa presi. Watazoa uchafu wa presi katika mashimo yote ya zamani kando ya korongo, yale ya jirani pia, ili Leonsi akija akute bonde safi. Kilima kizima kilikuja. Wanaume, wanawake, wanafunzi, walokole wa kanisa la juu na Waislamu wa barabarani, wamepanga mstari, ndoo zinapita mkono kwa mkono. Wakizoa wamwage wapi? Kuna kitu pale kinachokula uchafu. Wakamwaga humo.

Agneta alikuwepo, na mfuniko wa mdomo aliuondoa mwenyewe. Ungefanyaje? Watu wamekuja kukusaidia, jasho linawatoka, nawe usimame mbele yao useme rudisheni? Hapa kwetu, anayekataa mikono ya wenzake siku ya kazi huchimba kaburi la mtu wake peke yake. Aliwapa juisi ya ndizi akawashukuru. Tahira alikuwa mjini akisahihisha mitihani.

Jumapili moto uliruka juu kuliko siku zote, na mkuu wa kilima akasifiwa. Katikati ya wiki ukawa wa manjano, unasinzia. Kisha ukazima. Ukifungua mpira, kinatoka kitu kinachonuka kama siki iliyolala, na kiberiti hakishiki.

Tulienda kwa pikipiki mbili, Tahira mbele, mimi nyuma na mabidoni yangu. Alichovya karatasi ya kupimia uchachu, aliyoiomba kwa direkta wa lise, ikageuka rangi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Agneta alisimama mbele yake, mikono imefungwa ndani ya kitenge, akaeleza yote bila kujitetea. Nilijua anangoja kugombezwa. Mimi nilikuwa tayari kumgombeza kwa niaba ya Tahira.

“Walikuja wangapi?” Tahira aliuliza.

“Kilima kizima.”

“Walimwaga mpaka wapi?”

Agneta akaonyesha alama ya utando kwenye ukuta wa mdomo. Tahira akapima, akaingiza kwenye kompyuta, akaigeuza ili Agneta aone. Mstari ulipanda ghafla, ukasimama, ukaanguka mpaka chini kabisa.

“Ndivyo lilivyokufa,” Tahira akasema.

“Kwa hiyo hii modeli ilikuwa inajua?”

“Ilikuwa inajua. Mimi sikuiuliza.” Sauti yake ilikuwa chini. “Nimezaliwa nchi hii, Mama Eliana. Nimefanya travo tangu niko shule ya msingi. Niliweka kila kitu ndani ya modeli isipokuwa Jumamosi.”

Agneta alianza kulia, na ninaposimulia hapa nasikia uchungu uleule nilioupata pale. Hakuwa analilia tangi. Tahira alimngoja amalize, kisha akamweleza kana kwamba wako darasani. Ndani ya tangi kuna vijidudu vya aina mbili. Wa kwanza ni wepesi kama wageni wa harusi, wanakula haraka na kuacha uchachu. Wa pili ni wapole kama waosha vyombo, wanaula ule uchachu na kutoa gesi. Ukileta wageni wote kwa mkupuo, vyombo vinarundikana mpaka waosha vyombo wanazimia. Harusi imeishia hapo.

“Wamekufa wote?” Agneta aliuliza.

“Sio wote. Na waliobaki tunawaokoa.”

Kazi ikaanza. Walichota sehemu ya uji ule mchachu wakautia kwenye shimo kavu mbali na korongo. Pikapu ya Bugarama ikarudi. Nami nikaja na gunia la majivu, maana uchachu na majivu ni maadui, hilo kila mpika sabuni analijua. Nikaanza kufungua kamba ya gunia. Tahira akaweka mguu juu yake.

“Kopo moja asubuhi, shangazi.”

“Kopo? Nimebeba gunia kutoka mjini nitie kopo?”

“Majivu haya yanaua uchachu, ni kweli. Yakizidi, yanaua na waosha vyombo. Jana nimelimwagia gunia zima kwenye kompyuta. Lilikufa tena, upesi kuliko mara ya kwanza.”

Nilimwambia majivu nimeyajua kabla baba yake hajamjua mama yake. Akasema ni kweli. Nikamwambia ana kiburi. Akasema labda. Mguu hakuuondoa. Ukigombana na mtu anayekukubalia kila kitu isipokuwa unachokitaka, utachoka wewe. Nilichoka, nikatafuta kopo.

Kiangazi kikafika kabla Tumbo halijapona. Asubuhi Leonsi alipotarajiwa, wanawake walikuwa wameshapanga njia yao. Watasukuma vijiti vikavu na makaa chini ya jiko la gesi, waweke bati mbele, pipa litachemka, na mtu wa komine ataona mvuke, atadhani Tumbo linafanya kazi, na kuridhika. Agneta mwenyewe ndiye aliyemwambia Tahira, akitazama chini.

“Siku moja tu, Madamu. Tumbo likipona hatutadanganya tena.”

“Sifanyi,” Tahira akasema. “Ukimwonyesha moto wa uongo leo, utakapokuwa na moto wa kweli hakuna atakayeuamini. Mimi pia sitauamini.”

“Wewe hutafungiwa chochote.”

“Najua.” Hapo ndipo nilipomwona uso umembadilika. “Najua, Mama Eliana, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Lakini sifanyi.”

Wakatoa vijiti. Sikupenda, nawaambia kweli. Nilikuwa upande wa vijiti.

Leonsi alifika, akasalimia kila mtu, akajaribu kiberiti, akanusa, akasikiliza maelezo ya Tahira yote. Akautazama mstari kwenye kompyuta, mpya huu, unaoanza chini na kupanda polepole.

“Madamu, nasikia, kabisa nasikia,” akasema. “Lakini sitaandika mu rapo kama moto iko mu kompyuta.”

“Andika kwamba utawaka Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Uhuru. Njoo mwenyewe.”

Nilimfinya mkono. Mwenye akili hataji siku, husema inshallah akaacha mlango wazi. Leonsi aliandika siku hiyo, akatoa kofuli jipya, akalitia kwenye mlango wa chumba cha mashine. Alifunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Kisha akasema murakoze, asanteni, akaondoka.

Ngazi za Agneta zilianza kuoza kwenye rundo. Wanawake wengine walirudi kulima mihogo. Agneta alibaki, na kila asubuhi alitia kopo lake la majivu na kikombe cha chakula kama anavyolishwa mtu aliyetoka homa. Mkuu wa kilima hakupita tena njia ile. Alikuwa ana aibu, na watu wake pia. Tahira ndiye aliyemfuata nyumbani, nami nikaenda naye, maana nilitaka kusikia anavyoagizwa asikanyage tena pale.

“Mzee,” Tahira akasema, “Jumamosi nakuomba ulete watu. Wote.”

Mzee alimtazama kwanza, kisha akanitazama mimi.

“Mwanangu, ni sisi twaliua hii kitu.”

“Mlete majembe. Tunachimba tangi la pili, juu ya lile la kwanza. Hilo mtu akija na ndoo amwage, mia wakija wamwage, litapokea tu. Kutoka hapo kuna bomba jembamba, linateremsha chini kidogo kidogo, usiku na mchana. Watu wasaidie wanavyotaka. Bomba halina haraka.”

Njiani nilimuuliza kwa nini asibandike tu kibao pale, Marufuku Kumwaga, akapunguza jasho la watu.

“Shangazi, nikijenga kitu ambacho majirani wakikisaidia kinakufa, nimekijengea nchi nyingine.”

Jumamosi walikuja wengi kuliko mara ya kwanza. Aibu ina nguvu kuliko juisi ya ndizi. Shimo lilichimbwa asubuhi moja, na fundi akalijenga kwa vipimo vya Tahira, ambavyo safari hii aliviua kwenye kompyuta kwa Jumamosi za kila aina, za mvua, za jua, za mkuu wa kilima mwenye furaha kupita kiasi.

Ikafika Jumatatu yake. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine wamesimamisha baiskeli zenye mabidoni ili waone. Leonsi akaja. Agneta akafungua mpira, Tahira akawasha kiberiti. Ukasikika mvumo mdogo, mwali ukatokea kidogo, ukazimika. Akawasha cha pili. Vivyo hivyo. Nyuma mtu akasema kompyuta ya Madamu imelala, na watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Tahira alisimama na kile kijiti kilichoungua mkononi. Sijawahi kumwona hivyo tangu azaliwe. Nilitaka kumfunika kwa kanga yangu nimpeleke nyumbani.

Leonsi aliweka kalamu mfukoni. “Pole sana, Mama Eliana.”

“Rudi Jumatatu ijayo,” Agneta akasema.

“Nani amesema Jumatatu ijayo? Ni Madamu?”

“Ni mimi. Huyu alikataa kusema uongo siku ambayo uongo ungeniokoa. Akiniambia linapona, linapona. Rudi Jumatatu ijayo, Shefu. Kofuli ni lako, halitakimbia.”

Leonsi alikubali. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumpangia siku kwa Kiswahili kilichonyooka hivyo.

Watu walipotawanyika Tahira alilia, akaona haya, kisha akafuta uso akaomba kipimajoto. Alikiteremsha kwenye tangi, akakitoa, akakitazama muda mrefu. Modeli yake ilikuwa na joto la Minago la miezi aliyopima, miezi ya mvua. Sasa ulikuwa mwezi wa saba. Usiku upepo unateremka kutoka milimani, kavu na baridi, na ardhi inapoa. Vijidudu vilikuwa hai, vinatetemeka tu.

“Nimekosea tena,” akasema.

“Umekosea,” nikamjibu. “Sasa tufanye nini?”

Nilisikia nilivyosema. Sikusema “utafanya nini”. Makapi ya ngazi yalikuwa yamelundikana nyuma ya presi, nyuzinyuzi za mafuta ambazo zikirundikwa zinapata joto zenyewe, ukitia mkono ndani unautoa. Siku mbili tulizibeba, Agneta, Tahira, mimi na kiuno changu kibovu, tukalifunika Tumbo lote, juu tukatandika turubai. Tahira aliingiza joto jipya kwenye kompyuta. Mstari ukasogea, ukaonyesha moto kabla kidogo ya siku aliyoisema Agneta. Safari hii hakumtangazia mtu.

Jumapili mwali ulishika na haukuzimika. Agneta hakuuzima. Alileta mkeka akakaa mbele yake, na tulipofika Jumatatu asubuhi tulimkuta palepale, macho mekundu, pipa juu ya jiko linachemka, na ngazi mpya ndani yake, za shamba lake mwenyewe. Korongo chini lilikuwa kavu.

Leonsi alifika peke yake. Safari hii hakukuwa na watazamaji, maana watu hupenda kuona kinachoanguka. Alizunguka jiko, akainama, akaangalia chini kama kuna makaa. Akapanda kwenye tangi la pili, la kungojea, akachungulia bomba. Akarudi kwa Tahira.

“Ni muzuri, Madamu. Lakini hii iko itadumu? Wewe ukifika huko Bujumbura ukapata kazi ya maana, nani atajua?”

Tahira alianza kufungua kompyuta ili amwonyeshe mstari. Agneta aliinuka mkekani, akaifunga kwa mkono mmoja, kwa upole, akasimama kati yao.

“Itadumu. Chakula kinaingia kwa bomba, si kwa mkono. Kikinuka siki, nafunga bomba, natia kopo la majivu, siongezi la pili mpaka nipime. Usiku wa kiangazi nafunika kwa makapi. Jumamosi waje wote, pa kumwaga papo. Mwaka kesho presi ya jirani itajengewa la kwake, na mimi ndiye nitakayesimama juu ya shimo fundi akitaka kuzidisha. Kuna jingine, Shefu?”

Leonsi akatoa ufunguo, akafungua kofuli, akabaki amesimama mlangoni nalo mkononi kana kwamba anangoja kutoa hotuba.

“Sogea,” Agneta akamwambia. “Unaziba njia ya kwangu.”